Mbwa na Kuku Ua Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mbwa Asikimbize Mifugo

Mbwa akiua kuku, watu wa nyumbani huwa na majibu tayari. Ana njaa, basi aongezewe ugali. Ana kichwa kigumu, basi achapwe. Ameshaonja damu, basi huyo hafai tena, atolewe. Majibu haya hutumika kwa wafugaji wengi na kuku huendelea kufa, kwa sababu hakuna hata moja linalogusa kinachomsukuma mbwa.

Kinachomsukuma ni silika ya uwindaji, na silika hiyo huamshwa na mwendo kuliko tumbo. Mtetea anayedonoa polepole mita tano kutoka kwa mbwa anaweza asitazamwe kabisa. Mtetea huyohuyo akishtuka, akatimua mbio huku akipiga mabawa na kelele, mbwa aliyekuwa amelala tayari yuko nyuma yake. Ndiyo maana mbwa aliyeshiba hukimbiza, na mara nyingi akishaua humwacha kuku pale chini bila kumla, akamfuata mwingine anayekimbia.

Wala si ukali. Mbwa mkali anataka anayemkabili aondoke, kwa hiyo hunguruma na kuonyesha meno. Mbwa anayewinda hataki windo lijue kuwa yupo: hunyamaza, hufunga mdomo, hukaza mwili. Mbwa anayeua kuku anaweza kuwa mpole kabisa kwa watu, na mlinzi anayewatisha wezi usiku kucha anaweza kulala katikati ya vifaranga.

Uwindaji huanza kabla ya mbio

Uwindaji wa mbwa hufuata mfululizo: anaona na kusimamisha masikio, anakaza macho, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anaua, anararua, anakula. Kwa mbwa wa kufugwa, binadamu amechagua kwa vizazi vingi baadhi ya hatua hizi zizidi nguvu na nyingine zififie. Border Collie anakaza macho, ananyemelea na kukimbiza, lakini kwa kawaida hang'ati ili kuua. Ndiyo sababu wachungaji wa Uingereza wanamtumia kuswaga kondoo. Terrier alizalishwa kumaliza kazi, humkamata panya na kumtikisa hadi afe. Basenji wa misitu ya Kongo alikuwa wa kufukuza wanyama waingie kwenye nyavu za wawindaji. Na German Shepherd, ambaye kwetu anajulikana kama mbwa wa geti, alianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Ukimwona anawazunguka mbuzi wako na kuwang'ata visigino, anafanya kazi ya mababu zake bila msimamizi.

Mbwa wa kienyeji ni mchanganyiko. Wengi wamekulia kwenye ua wenye kuku na hawana shida, lakini usimwamini yeyote kwa sababu ya rangi au asili yake. Mtazame mwenyewe.

Kwako wewe mfundishaji, hatua mbili za kwanza ndizo za maana. Mbwa anapoona na kuanza kukaza macho bado anakusikia. Akishaanza kukimbia, sauti yako haimfikii, na hata ukimpata baadaye ukamchapa, mbio zenyewe zimeshamlipa. Kila anapofaulu kukimbiza, anazidi kuwa hodari. Hapo ndipo ilipo kweli kidogo katika ile habari ya kuonja damu: damu haina uchawi, ila mbwa amegundua mchezo mtamu kuliko yote aliyowahi kuucheza.

Hatua ya kwanza: hakikisha mkosaji ni mbwa wako

Mbwa husingiziwa sana. Nguchiro na kicheche huingia kwenye banda la kuku na kuua, na vifaranga wanaotoweka mchana mara nyingi wamechukuliwa na mwewe au kunguru. Kwa mbuzi na kondoo, angalia majeraha. Chui hukamata koo na kula alichoua, au hukiburuta akifiche. Mbwa, hasa wakiwa wawili au watatu, hung'ata ovyo: miguu ya nyuma, mapaja, mkia, masikio. Utakuta wanyama wengi wamejeruhiwa na wachache sana walioliwa. Kundi hubadilisha tabia pia. Mbwa mtulivu akiwa peke yake huweza kufanya makubwa akitoka alfajiri na wa jirani.

Kisha mpime wako. Mfunge kamba imara, simama naye mbali, kuku wakiwa ndani ya wavu, na umwangalie yeye, si kuku. Akitazama kisha akageuka kunusa majani, una kazi nyepesi. Akikaza macho lakini akaitika jina na kula unachompa, una kazi ya wiki kadhaa. Akitetemeka, akilia kwa sauti nyembamba, akikataa hata kipande cha nyama kilicho mbele ya pua, jiandae kwa miezi, na jiandae pia kukubali kwamba huenda asiachwe huru na kuku maisha yake yote. Usichanganye haya na mwaliko wa kucheza, pale mbwa anapoinamisha kifua chini na kuinua makalio, mwili umelegea. Ila mchezo nao huua. Mbwa wa miezi mitano hadi kumi huwapiga kuku kwa miguu kwa furaha tu, na kifaranga hahimili furaha hiyo.

Hatua ya pili: funga njia kabla ya kufundisha

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayookoa kuku wengi kuliko zote. Huwezi kumfundisha mbwa jioni kuacha jambo ambalo alilifanya asubuhi.

Banda la kuku liwe na mlango wenye komeo, si kipande cha bati kilichoegeshwa jiwe. Wavu wa kuku wa kawaida ni mwepesi, mbwa mkubwa huurarua. Upande wa chini, kiasi cha mita moja kwenda juu, weka mabanzi au seng'enge nzito zaidi. Fukia wavu sentimita 30 ardhini, au ulaze chini ukielekea nje na kuubana kwa mawe, maana mbwa huchimba pale ukuta unapokutana na udongo.

Panga saa. Nyumba nyingi hufunga mbwa mchana na kumfungulia usiku. Utaratibu huo unafaa iwapo kuku wote wamehesabiwa na kufungiwa kabla mbwa hajatoka, na iwapo anayefungua kuku asubuhi anajua kwamba mbwa ameshaingia. Maafa mengi hutokea katika ile nusu saa ya alfajiri, mlinzi anapodhani dada wa kazi ameangalia, na dada anadhani mlinzi ameangalia. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Sasa habari ya mnyororo. Mbwa aliyefungwa chini ya mwembe kutwa nzima, kuku wakipita sentimita chache nje ya uwezo wake, anafanya mazoezi ya uwindaji saa kumi na mbili kwa siku. Kila kuku anayepita anakaziwa macho, kila mmoja anarukiwa, na mnyororo unaongeza hasira. Siku pingu ikikatika, usishangae. Kama lazima afungiwe, mjengee banda lenye kivuli, maji na ukuta unaoziba macho upande wa kuku.

Hatua ya tatu: vifaa na malipo

Unahitaji kamba ya mita kumi hivi. Ile bapa ya kufungia mizigo inafaa kuliko ya katani, ambayo huchubua viganja. Usiizungushe mkononi wala kiunoni, kwa sababu mbwa wa kilo 35 akichomoka anaweza kuvunja kidole. Kamba ndefu ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, ili akifika mwisho wa kamba kwa kasi asiumie koo. Mbwa ambaye tayari ameua apate kifunga mdomo cha muundo wa kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya ni hatari kwenye joto, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mzoeshe ndani ya nyumba kwanza, kwa kuweka chakula ndani ya kikapu hicho.

Malipo yawe kitu anachokipenda kweli. Dagaa wakavu wasio na chumvi wanatosha kwa mbwa wengi. Ukitaka kitu chenye nguvu zaidi, chemsha mapafu au maini ya ng'ombe, kata vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba, anika kidogo. Usimlipe kwa ugali. Unashindana na mbio za kuku, na ugali hauwezi mashindano hayo.

Hatua ya nne: maneno manne, nyumba nzima

Mbali na mifugo kabisa, mfundishe jina lake (akilisikia, akutazame), "njoo", "acha" na "lala". Kwa "acha", funika dagaa kwenye ngumi, atalamba, atakwaruza, mara tu anapoondoa pua, mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Baadaye weka dagaa chini, kisha umrushe dagaa akibiringika, maana kinachobiringika ni kigumu kukiacha kuliko kilichotulia.

Wote wanaoishi hapo watumie maneno yaleyale. Baba akisema "acha", mama "wee!", watoto "stop" na mlinzi "toka", mbwa hajafundishwa neno lolote. Ukipenda kumsemesha Kiingereza, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, sawa, ila mlinzi naye asemeshe hivyohivyo.

Usiendelee mbele mpaka aitike "njoo" bila kusita uani pasipo na mifugo. Akishindwa hapo, kwenye kuku hataweza.

Hatua ya tano: umbali, kisha mwendo

Hapa ndipo kazi ilipo. Kuku wawe ndani ya wavu. Simama na mbwa kwenye umbali ambao anawaona lakini bado anakula dagaa, pengine mita 20, pengine 50. Umbali huo unapangwa na mbwa, si wewe.

Subiri awatazame. Kabla macho hayajakaza, ndani ya sekunde moja au mbili, ita jina lake kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, msifu na umpe dagaa papo hapo. Rudia. Baada ya muda utaona jambo la kufurahisha: atawatazama kuku, kisha atakugeukia mwenyewe kabla hujamwita. Hapo mpe dagaa watatu mfululizo. Kumwona kuku kumeanza kumaanisha "nimtazame mwenye nyumba", na hilo ndilo unalolitafuta.

Zoezi liwe la dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi, kisha umtoe eneo hilo. Mbwa aliyechoka kujizuia huzidiwa haraka, na mtu anayesema "mara moja tena tu" ndiye huharibu. Akikataa chakula, umekaribia mno. Rudi nyuma mpaka ale. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi kwenye umbali wa jana bila kumgombeza.

Sogea taratibu, mita mbili au tatu kwa wakati. Ukiufikia wavu naye ametulia, usifungue mlango bado. Rudi mbali na uongeze mwendo. Mtu mwingine arushe mtama ndani ya banda ili kuku wakimbilie upande mmoja. Siku nyingine amshike jogoo na kumwachia apige mabawa. Wewe unamlipa mbwa kwa kutulia. Kila unapoongeza mwendo, ongeza umbali. Kila unapopunguza umbali, kuku wawe watulivu. Usibadilishe vyote viwili siku moja.

Kwa mbuzi na kondoo utaratibu ni huohuo, ila anza na mnyama mzima mtulivu aliyefungwa au aliye zizini. Usianze na watoto wa mbuzi wanaorukaruka, na kaa mbali na mama aliyezaa karibuni. Kondoo ni wagumu kuliko mbuzi: mbuzi huweza kugeuka na kuonyesha pembe, na mbwa akapoteza hamu, bali kondoo hukimbia kundi zima, na kundi linalokimbia ni kishawishi kikubwa. Kwa ng'ombe, anayehitaji kulindwa mara nyingi ni mbwa. Teke moja linaweza kumvunja taya.

Hatua ya sita: mpe pa kumalizia hamu

Silika haifutwi. Ukiiziba kila upande itatokea mahali usipopataka. Funga kitambaa kwenye kamba, kamba kwenye fimbo ndefu, kiburute kwenye nyasi ukimwacha akinyemelee, akikimbize na akikamate. Lakini aanze kwa ruhusa yako na aachie ukisema "acha". Zoezi hilo linamfundisha kujizuia akiwa amesisimka, jambo ambalo ugali na matembezi havifundishi. Siku nyingine mfichie dagaa kwenye majani atafute kwa pua. Dakika kumi na tano za kunusa humchosha mbwa vizuri. German Shepherd anayefungwa kutwa bila lolote kati ya haya hatafundishika, na sitamlaumu yeye.

Hatua ya saba: kulegeza kamba

Mbwa aliyetulia mita mbili kutoka kwa kuku walio huru, wiki kadhaa bila kukosea, anaweza kuachiwa kamba ikiburutika chini, akiwa amevaa kifunga mdomo, nawe ukiwa umesimama pale. Baadaye toa kifunga mdomo. Baadaye sana toa kamba. Kumwacha peke yake na kuku ni jambo jingine kabisa, na mbwa wengi waliowahi kuua wasiachwe hivyo kamwe. Anakuheshimu ukiwepo; ukiingia ndani kunywa chai, kuku anapiga mabawa na wewe haupo.

Mtoto wa mbwa ni rahisi zaidi

Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, mbwa hujifunza nani ni wa nyumbani. Katika muda huo mwonyeshe kuku wazima, mbuzi na ng'ombe kila siku, kwa utulivu, ukiwa umemshika. Mtetea mwenye vifaranga akimdonoa pua kidogo, si vibaya. Usiwaache watoto wakishangilia anapokimbiza vifaranga eti kwa kuwa bado mdogo.

Siri hii ndiyo iliyo nyuma ya mbwa walinzi wa mifugo. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa jamii ya Kangal na Anatolian, wenye asili ya Uturuki, tangu 1994, na mbwa hao hukulia kundini wakiwa bado wadogo, wakawaona mbuzi kuwa wenzao. Botswana wamefanya hivyo kwa mbwa wa kienyeji, na wanafaa. Mfugaji wa Longido au Kajiado hahitaji kuagiza mbwa kutoka Uturuki.

Mambo ya kuacha

Kumfunga mbwa kuku mfu shingoni mpaka aoze hakumfundishi chochote. Kuku mfu hakimbii. Yai la moto mdomoni, pilipili puani na kipigo cha saa mbili baadaye humfundisha kukuogopa wewe, na mbwa anayemwogopa mwenyewe hajibu akiitwa. Mkanda wa umeme shingoni una hatari yake: mbwa anaweza kuhusisha maumivu na mbuzi aliyemtazama, akaongeza ukali juu ya uwindaji. Zaidi ya hayo, kumtesa mnyama ni kosa, Tanzania chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, Kenya chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Akishang'ata

Usipige kelele ukikimbia, kwani unaongeza moto. Nenda kwa kasi bila sauti, shika kamba, mfungie mbwa, kisha shughulikia mifugo. Jeraha la meno kwa mbuzi hudanganya: juu kuna tundu dogo, chini ya ngozi misuli imechanika. Nyoa manyoya, osha kwa maji safi mengi yenye chumvi kidogo, umwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Kondoo na mbuzi wenye mimba wanaweza kuiharibu siku chache baada ya kukimbizwa hata kama hawakuguswa, kwa hiyo waangalie.

Mbwa mgeni aliyeng'ata bila mpangilio, anayetokwa na ute, anayeyumba au aliyebadilika ghafla, mchukulie kuwa na kichaa cha mbwa. Usimkaribie, toa taarifa, na nyama ya mnyama aliyeng'atwa naye isiliwe. Mtu aking'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Mbwa wako achanjwe kuanzia miezi mitatu na kila mwaka.

Mnyama akifa, usimtupie mbwa kichwa wala matumbo mabichi. Mbwa anayekula ubongo wa kondoo mwenye malengelenge ya minyoo hupata tegu, hunya mayai yake malishoni, na mbuzi wanaokula hapo hupata ugonjwa wa kuzungukazunguka ambao wafugaji wa Kimaasai huuita ormilo. Tegu mwingine anayepatikana kwenye maini na mapafu humpata binadamu, na Turkana wanaujua uvimbe wake vizuri sana. Kwa hiyo hata yale mapafu ya mazoezi yachemke hadi yaive kabisa. Mabaki yafukiwe au yachomwe, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo, mara nyingi kila miezi mitatu.

Ikiwa mbwa wako ameua kwa jirani, nenda wewe kabla jirani hajaja. Kubaliana bei mbele ya balozi au mwenyekiti wa kitongoji, na kumbuka kwamba mtetea anayetaga ana thamani kuliko nyama yake. Na iwapo baada ya miezi ya kazi ya kweli mbwa bado anatetemeka akiona mbuzi, mtafutie nyumba isiyo na mifugo, ya mjini ikibidi, na umweleze anayempokea wazi kabisa kwa nini unamtoa.